Mhudumu mgonjwa asilazimike kuingia zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maambukizi katika makao ya wazee na vituo vingine vya matunzo, tatizo ambalo kila linapozuka hujibiwa kwa kubandika ukutani bango jipya la kunawa mikono. Sipingi kunawa, nimewauguza wazee kwa miaka mingi na najua jinsi mikono yetu inavyosafirisha vimelea kutoka kitanda hadi kitanda. Lakini mhudumu aliyeachiwa peke yake wazee kumi na watano wa kuogesha, kulisha na kubadilisha nepi asubuhi moja hawezi kutimiza, kwa kila mmoja wao, zile sekunde 40 hadi 60 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji na sabuni. Hukimbilia glavu, na nimeona jozi ileile ikigusa nepi, kitasa cha mlango, kisha kikombe cha mgonjwa mwingine.

Vitakasa mikono navyo vina mipaka yake. Bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayewaharisha hasa wazee waliotumia antibayotiki, hutoa mbegu (spora), yaani umbo lake sugu la kujihifadhi, ambazo alkoholi ya vitakasa haiziui. Hapo hufaa maji yanayotiririka na sabuni, pamoja na klorini kwa vyoo na sakafu.

Kuna ugumu mwingine ambao mgeni hauoni kwa urahisi. Mzee aliyeambukizwa anaweza asipate homa kabisa, na dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa ghafla, kukataa chakula au kuanguka. Mabadiliko hayo huyatambua mtu anayemjua mzee huyo kwa siku nyingi, wala si kibarua aliyeletwa leo kuziba pengo la zamu.

Ninalolilia hasa ni haki ya mhudumu kukaa nyumbani anapougua bila kukatwa mshahara. Mlipuko wa UVIKO-19 ulipoyakumba makao ya wazee ya Kirkland, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mapema mwaka 2020, wachunguzi walitaja miongoni mwa sababu za kuenea kwake watumishi waliofanya kazi wakiwa na dalili, na wengine waliohudumu katika kituo zaidi ya kimoja. Sikushangaa. Nimefanya kazi na wenzangu waliokohoa zamu nzima kwa sababu siku moja bila ujira ni kodi ya nyumba isiyolipwa, na jioni wakaenda kituo cha pili kwa kuwa mshahara wa kwanza haukidhi mahitaji. Kuwalaumu ni kuwaonea. Inaniuma zaidi kwamba hatua ya haraka ya wasimamizi huwa kuwafungia milango ndugu wa wazee, na upweke huo nao huwadhoofisha.

Naomba mamlaka zinazotoa leseni zifanye malipo ya siku za ugonjwa kuwa sharti la kuendesha kituo, na wakaguzi wanapofika waombe daftari la zamu na la ruhusa za ugonjwa kabla ya kuhesabu chupa za vitakasa.

Muuguzi wa wazee