Nishani isiozee koponi

Mhariri,

Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, mzaliwa wa Kenya, aliuawa Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, baada ya kuparamia kifaru cha Waitalia na kuwafyatulia risasi waliokuwa ndani. Mwaka 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, keshakufa. Alistahili kabisa.

Huku kwetu Maseno, nishani ya kaka yake nyanya, aliyefia vitani Burma hata mke hajaoa, imo ndani ya kopo la majani chai. Utepe umeliwa na mende. Kila Krismasi nyanya aliisugua kwa jivu huku akimtaja jina, polepole. Naomba Makumbusho ya Kisumu yatutengee kabati la vioo, tuzilete nishani hizi kabla hazijaishia kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

Mjukuu wa askari,
Maseno