Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: lile kabati tumelifungua

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa zangu, na vijana mambo vipi. Najua jua la hapa Mbagala limewachosha na viti vyenyewe leo tumeazima kwa watu wa msiba, kwahiyo sitawaweka sana. Mambo ya hela atasoma mweka hazina, mi nataka niongelee kabati la vitabu la maktaba yetu.

Mnakumbuka mkutano wa mwaka jana tulibishana mpaka giza likaingia, ishu ni watoto kwenda na vitabu nyumbani. Kabati lilikuwa na kufuli mbili, funguo moja kwangu nyingine kwa katibu, mmoja wetu akisafiri basi maktaba inabaki chumba cha kukalia tu, na bado tulikuwa tunajisifu kwa wageni eti vitabu vyetu bado vipya kabisa! Ndo akasimama mzee wetu mmoja, yeye kakulia kijijini kusini, akasema Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima watu wakaingia kisomo wakajua kusoma, baadae kijiji chao kikaletewa sanduku la vitabu, likafungiwa ofisini vitabu visiibwe, na waliovimaliza vyote mpaka majalada ni mchwa. Tulicheka, ila ngebe zikaisha palepale, na mwezi wa pili tukafungua kabati.

Utaratibu ni daftari tu. Kitabu kimoja, wiki moja, mzazi anasaini au anaweka dole gumba. Dhamana tulikataa, maana mwenye hela ya dhamana angemnunulia mwanae kitabu mwenyewe. Je vimepotea? Ndio jamani vimepotea, siwezi kuwadanganya, katibu ameviandika ukurasa wa mwisho wa daftari na ukurasa umejaa. Vingine wenyewe wamehama, mnajua kodi ikiisha huku kwetu mtu anahama usiku, na kimoja kimerudi kinanuka dagaa. Wanaosema turudishe kufuli nawaelewa lakini naomba waangalie na zile kurasa nyingine za daftari zilizo mbele ya huo wa mwisho, zimejaa majina ya watoto ambao zamani walikuwa wanakuja kulala kwenye benchi tu.

Nieleze kwanini nimeng'ang'ania hili. Ada ilipofutwa 2016 mpaka fomu foo, halafu 2022 ikafika mpaka fomu siksi, watoto waliokuwa wamekaa mitaani wakaenda shule, jambo zuri sana, ila madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Huku kwetu wengine wanaingia asubuhi wengine mchana, nusu siku mtoto yupo nje anazurura. Nyumbani ni chumba kimoja, kitanda, jiko, tivii, mdogo wake analia, na Luku ikikata inasubiriwa mpaka baba arudi. Sasa huyo utamwambia akajisomee wapi? Sisi tuna meza na taa. Ukiniuliza mi naona taa ya jioni imesaidia kuliko hata vitabu, kuanzia saa kumi na mbili benchi zote zimejaa, fomu foo wanakomaa na pasti pepa mpaka tunawafukuza.

Wanaoumia zaidi ni fomu wani. Darasa la saba kamaliza kila somo kwa Kiswahili, akivuka tu anakutana na baiolojia kwa Kiingereza, mtoto aliyekuwa anaongoza darasa anakuwa bubu. Ndo maana kamusi zetu zimechakaa kuliko kitabu chochote, moja imeshonwa kwa uzi wa viatu, na kamusi hatuazimishi kwenda nyumbani, hapo nakubaliana na wenye kufuli.

Kingine kinachotoka sana ni hadithi za Kiswahili. Kuna mama muuza vitumbua anakuja kila wiki kuazima, anasema za mwanae, mwanae kaniambia pembeni anayesoma ni mama. Nimemwambia katibu asiulize.

Kuhusu misaada nitasema kwa ufupi maana nitagombana na watu. Tuliletewa maboksi kutoka nje, tukapiga picha, kufungua ndani ni vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine na ensaiklopidia ya zamani ambayo Umoja wa Kisovyeti bado upo. Na vile vya kiada tulivyochangiwa hapa mjini, mtaala mpya ulivyoanza Januari 2024 kwa la kwanza na la tatu, navyo vimeanza kupitwa. Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada mtandaoni unasoma bure, hilo tunashukuru, ila bando sio bure na simu ya baba inaondoka na baba alfajiri. Wazo letu ni kupata simu kubwa moja ikae maktaba, mtakubali au mtakataa.

Kuna mwanachama aliuliza si wangeenda Maktaba Kuu. Sawa, ipo barabara ya Bibi Titi tangu Mwalimu aifungue Desemba 1967 na mi mwenyewe nimesomea pale, lakini mtoto wa darasa la nne kutoka Mbagala na sare zake, konda amezuia mlango, atafika saa ngapi na atarudi na nani.

Yamebaki mawili. Dada anayekaa zamu ya jioni hatujamlipa vizuri, ile tunayompa ni nauli, tuache kuiita posho. Na paa upande wa hadithi linavuja, masika yanakuja, mwenye mabati hata yaliyotumika ayalete Jumamosi asubuhi, mafundi wawili wamejitolea, chai ipo.

Mweka hazina, karibu mbele.