Anayechafua korido namjua, ila anayefukuzwa ni mwingine. Nifanyeje?

Habari za saa hizi wadau, naombeni ushauri, na kama kuna wa kunitukana atukane tu ila amalizie na ushauri maana nimekwama.

Mi nimepanga huku Temeke, nyumba zetu hizi za korido katikati, vyumba vinne huku vinne kule, mlango wa mbele unatokea barabarani wa nyuma unatokea uani, choo na bafu viko huko uani. Waliokaa nyumba hizi wananielewa, mvua ikinyesha tunapikia korido, ndoo za maji zimepangwa humo humo na watoto wanatambaa humo humo. Sasa tangu Ramadhani iishe kuna siku tunaamka tunakuta mkojo, na siku nyingine, samahanini mnaokula, haja kubwa kabisa, pale karibu na mlango wa nyuma. Ya mtu mzima, sio ya mtoto wala paka, hilo halijawahi kuwa na ubishi.

Kila mtu anavaa kandambili anaruka, anayesafisha ni mimi. Sio kwamba nina roho nzuri sana, mi nauza vitumbua na saa tisa usiku nishaamka nawasha mkaa, wateja wakisikia tu korido ya mama vitumbua ina mavi biashara imekufa. Kwa hiyo namwaga majivu ya jiko yanyonye umajimaji, nazoa, napiga maji mengi, ndo jiki inafuata. Maji kwanza jamani, kuna mpangaji mwenzangu alimwaga jiki juu ya mkojo mbichi, ule mvuke uliopanda ulitutoa wote nje macho yanachuruzika, jiki na mkojo havikai pamoja. Tatizo sakafu ya sementi ina nyufa, harufu ishaingia mle, jua likipanda inarudi, mwenye dawa ya hiyo nayo aniambie.

Sasa lawama zote kaangushiwa dogo wa bodaboda wa chumba cha mbele. Kosa lake ni bachela, anarudi usiku mkubwa na wikiendi anakunywa, basi, ushahidi umekamilika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya usafi tukakaa kikao, mmoja anataka aitwe bwana afya wa kata, mwingine anatukumbusha kipindupindu cha 2015 mpaka Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba nchi nzima ikashika mafagio, yani kelele tupu. Dogo kaapa kwa mama yake, hakuna aliyemsikiliza, mama mwenye nyumba kampa mpaka tarehe 30 awe ameondoka. Ndo akatokea baba mmoja akasema yeye hapendi kubishana, tuchangishane tusome Albadiri mwenye kosa ajulikane. Hapo watu wote kimya.

Mimi ndo nilinyamaza kuliko wote, maana anayefanya namjua.

Ni babu wa chumba kinachoangaliana na changu, baba mkwe wa jirani yangu, waliletewa kutoka Lindi baada ya bibi kufariki. Nilitoka usiku na tochi ya simu nikamkuta mlango wa nyuma anapapasa komeo, msuli umelowa mpaka chini. Ule mlango tunaufunga kufuli tangu waibe mtungi wa gesi, ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu, na taa ya korido haina balbu kwa sababu hakuna anayetaka kuchangia umeme wa LUKU (ugomvi wa miaka huo tuuache). Nikasema shikamoo babu, akaitika marahaba vizuri kabisa, halafu akaniuliza, mjukuu wangu, nani kauhamisha mlango? Nikamfungulia, nikamsubiri, nikamrudisha mpaka mlangoni kwao. Asubuhi nikamsalimia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mkwewe nadhani anajua. Namuona alfajiri anafua msuli peke yake na anauanika ndani badala ya kwenye kamba uani, tukikutana anaangalia chini. Mumewe ni utingo wa malori ya Tunduma, akiondoka kaondoka. Sasa mwanamke na baba mkwe wake, usiku, amshike mkono ampeleke choo amfungue msuli? Kwa tulivyolelewa sisi hata chakula anampelekea kwa kupiga magoti. Mi simlaumu.

Nikisema kikaoni namdhalilisha mzee wa watu na yule dada hatonyanyua uso tena nyumba ile. Nikinyamaza dogo anaondoka kwa kosa lisilo lake, na kodi ya pengine hana, kaniambia mwenyewe. Na wakisoma hiyo Albadiri, babu ni mgonjwa, akizidiwa wiki hiyo hiyo watasema imemshika na hayo maneno hayatafutika mpaka kaburini. Kumnong'oneza mama mwenye nyumba nimefikiria, ila yule ana mdomo kama redio.

Balbu nitanunua mimi na umeme wake nitalipa, hilo nishaamua. Ndoo yenye mfuniko ya kuweka chumbani kwa babu sio hela nyingi, lakini nampaje bila kumwambia nimeona? Halafu kuna mteja wangu ni nesi, nilimuuliza bila kutaja mtu, akasema mzee akichanganyikiwa ghafla sio uzee tu, inaweza kuwa hata UTI au sukari, apimwe kwanza. Hii ndo inanisumbua zaidi, maana kama inatibika basi kila siku tunayoficha tunamuumiza.

Namba ya mumewe ninayo. Nimpigie yeye kwanza akiwa huko barabarani, au nianze na dada mwenyewe? Na dogo nimwambie ukweli avumilie, au atanilipukia aende kuutangaza kijiweni? Hasa nyie mliowahi kukaa na baba mkwe mgonjwa, mngependa jirani aje awaambie kwa maneno gani? Nijibuni kabla ya tarehe 30.