Sarafu ya Mangi Meli

Ndugu Mhariri,

Shilingi 100 ina sura ya Mwalimu Nyerere, 200 ina Mzee Karume. Wanastahili, sina ubishi. Ila waliopigana kabla yao hatuwaoni kwenye fedha yetu.

Naiomba Benki Kuu itoe sarafu ya kumbukumbu ya Mangi (mtawala wa Kichaga) Meli wa Old Moshi. Mwaka 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na afisa wao, von Bülow, akauawa. Machi 2, 1900 Meli akanyongwa pamoja na wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani; ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi.

Upande wa pili awekwe mshairi: Hemedi bin Abdallah wa pwani ya Tanga, aliyetunga utenzi wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani haohao. Watakuwepo wa kuuliza, Mchaga na malenga wa pwani wapi na wapi? Adui wao alikuwa mmoja, inatosha.

Tafadhali, isiwe ya kuuziwa watalii na wakusanyaji pekee. Itolewe na ya matumizi, konda wa Kiborloni aturudishie kama chenji.

Msomaji wako,
Moshi