Msiidharau Deportivo ya mwaka 2000

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu ya michezo iliyowapanga mabingwa dhaifu wa Hispania. Mwandishi wenu ameiweka Deportivo La Coruña ya msimu wa 1999/2000 juu kabisa ya orodha hiyo, na ushahidi wake wote ni namba mbili: pointi 69 na vipigo 11. Namba zenyewe sizibishii. Depor ilishinda mechi 21, ikatoka sare 6, ikafungwa 11, ikabeba kombe. Ninachokataa ni hukumu aliyoitoa baada ya hapo, kwamba ligi ya mwaka ule ilikuwa laini na yeyote angeweza kuichukua.

Nimekaa golini miaka mingi, katika timu ambazo hakuna gazeti lililowahi kuziandika, kwa hiyo mnisamehe mapema barua hii ikielemea upande wa magolikipa. Nina sababu nyingine pia ya kuwataja, nitaifikia.

Tuanze na msimamo wa ligi, maana makala haikuuchapisha. Depor 69, Barcelona 64, Valencia 64, Zaragoza 63, Real Madrid 62, Alavés 61. Toka bingwa hadi timu ya sita ni pointi nane. Sasa chukueni msimu wa 2011/12, huo ambao mwandishi anautumia kama kipimo cha bingwa wa kweli. Real Madrid ya Mourinho ilimaliza na pointi 100 na mabao 121, Barcelona pointi 91, halafu wa tatu ni Valencia, pointi 61. Soma tena hapo. Pointi 61 zilizoiweka Alavés nafasi ya sita mwaka 2000 ndizo zilizoipa Valencia nafasi ya tatu mwaka 2012, ligi zote mbili zikiwa na timu 20 na mechi 38. Sasa ligi laini ni ipi? Ile ambayo timu sita zinapumuliana shingoni, au hii ambayo wa tatu yuko nyuma ya bingwa kwa pointi 39?

Sababu ya pengo hilo inajulikana. Kila klabu ilikuwa inajiuzia haki zake za televisheni, na kadiri miaka ilivyokwenda Real na Barcelona wakawa wanavuna zaidi ya yuro milioni 100 kila mmoja kwa mwaka, huku wadogo wakiambulia kipande kidogo tu cha kiasi hicho. Mpaka serikali ya Hispania ilipoingilia kati mwaka 2015 na kuamuru haki hizo ziuzwe kwa pamoja. Anayehesabu pointi 100 bila kuhesabu fedha hizo anawapa makocha sifa ambayo nusu yake ni ya mhasibu.

Mwandishi anaweza kunijibu kwamba timu kukaribiana si hoja, huenda zote zilikuwa mbovu kwa pamoja. Sawa. Basi tuzipeleke Ulaya tuone. Msimu huo huo, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa na timu nne: Bayern Munich, na tatu kutoka Hispania. Valencia iliipiga Barcelona 4-1 katika mechi ya kwanza, Real ikaitoa Bayern, na tarehe 24 Mei 2000 wakakutana Waspania watupu pale Stade de France. Real ikashinda 3-0. Morientes, McManaman, halafu Raúl aliyeanza kukimbia na mpira tangu nusu yake ya uwanja hadi akamzunguka Cañizares, kipa wa Valencia. Huyo ndiye bingwa wa Ulaya, ndugu Mhariri, na nyumbani kwake alikuwa wa tano.

Real hiyo hiyo ilichapwa na Zaragoza 5-1 Bernabéu kwake Desemba 1999. Ikaenda Riazor, uwanja wa Depor, ikala tano tena, 5-2, siku ambayo Djalminha wa Depor aliubana mpira kwa kisigino akaurusha ukapita juu ya vichwa vya mabeki kana kwamba yuko mazoezini. Zaragoza, kwa kuwa nimeitaja, ilimaliza ya nne na kwa haki ingecheza Ligi ya Mabingwa msimu uliofuata. Lakini nafasi nne za Hispania hazikuweza kuwa tano. Bingwa wa Ulaya akapewa ya nne, Zaragoza ikasukumwa Kombe la UEFA. Kama kuna timu ya msimu ule inayostahili makala ya kuihurumia, ni hiyo. Na Alavés, hao wa sita wenye pointi zao 61, waliingia Kombe la UEFA, wakaitoa Inter ya Milan, wakafika fainali ya mwaka 2001 na kuisumbua Liverpool hadi muda wa nyongeza. Walifungwa 5-4, na bao la mwisho walijifunga wenyewe. Wa sita, huyo.

Sasa tushuke chini ya msimamo, ambako ndiko hasa ugumu wa ligi ile unaonekana. Timu zilizoshuka daraja ni Betis, Atlético Madrid na Sevilla. Betis ilikuwa na Finidi George kwenye winga. Sevilla ni Sevilla. Lakini Atlético! Miaka minne tu kabla, 1996, walikuwa wamechukua ligi na Kombe la Mfalme kwa mkupuo chini ya kocha Radomir Antić. Najua kuna mtu atasema klabu ilivurugika kwa sababu ya mahakama, na ni kweli: Desemba 1999 rais wa klabu Jesús Gil na bodi yake waliwekwa kando, klabu ikakabidhiwa msimamizi, kocha Claudio Ranieri akaondoka katikati ya safari na Antić akaitwa kuja kuzima moto. Hata hivyo mtazame kikosi kilichokuwemo. Jimmy Floyd Hasselbaink alifunga mabao 24 ya ligi akiwa na timu inayoshuka. Akaenda Chelsea, na msimu wake wa kwanza kule akawa mfungaji bora wa Uingereza. Baraja akaenda Valencia akawa bingwa mwaka 2002. Solari akahamia Real. Molina, Valerón na Capdevila wakachukuliwa na Depor wenyewe. Hiyo ndiyo timu iliyoshuka! Bingwa alikwenda kununua wachezaji kwa aliyeshuka daraja, akarudi na watatu, mmoja wao golikipa wa timu ya taifa.

Mechi iliyowashusha Atlético ilichezwa Oviedo, tarehe 7 Mei. Walikuwa nyuma 2-0, wakasawazisha yote mawili, kisha wakapata penalti. Hasselbaink akaweka mpira. Kwa mtu aliyekwisha kufunga mabao zaidi ya ishirini msimu huo, straika mwenye shuti kama teke la farasi, ungesema imekwisha. Esteban, kipa wa Oviedo, akaipangua. Nimeitazama penalti hiyo kwa jicho la kipa na bado nasema sifa yote ni ya Esteban, ingawa kumbukumbu za watu zinamlaumu mpigaji peke yake. Ndivyo ilivyo. Penalti ikiokolewa, kesho yake magazeti yanaandika amekosa fulani, si amedaka fulani.

Na baada ya kushuka wakacheza fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Espanyol. Huko tena, kipa wa Atlético, Toni, akiudundisha mpira ajiandae kuupiga, Tamudo wa Espanyol akajipenyeza akauchomoa kwa kichwa na kufunga. Mwamuzi akakubali bao. Mimi hadi leo nasema ile ilikuwa faulo, na sitarajii mshambuliaji yeyote aniunge mkono.

Nakuja kwa Depor wenyewe. Ili uelewe uzito wa ubingwa ule lazima urudi tarehe 14 Mei 1994, uwanja ule ule wa Riazor, mechi ya mwisho ya ligi. Wakimfunga Valencia ni mabingwa kwa mara ya kwanza. Ni 0-0, dakika ya mwisho, penalti. Mpigaji wa kawaida alikuwa Donato, lakini kocha alikwisha kumbadilisha. Straika wao Bebeto hakuichukua. Akaenda Miroslav Djukić, beki. Anavuta pumzi, mashavu yanajaa, anakimbilia mpira, anaugusa kwa woga. González, kipa wa Valencia, hakuhitaji hata kuupangua, aliudaka ukabaki mikononi. Barcelona walikuwa wameifunga Sevilla 5-2 jioni hiyo hiyo, wakalingana pointi 56 na Depor, na ubingwa ukaenda Camp Nou kwa matokeo ya mechi zao wawili, maana Barcelona walishinda 3-0 kwao na Depor 1-0 tu Riazor. Wengi tuliosikiliza redio siku hizo tulidhani mji ule hautapata nafasi ya pili. A Coruña ni mji mdogo wa Galicia, pembeni kabisa mwa Hispania, uwanja wake uko karibu na ufukwe. San Sebastián peke yake ndio mdogo kuliko huo kati ya miji iliyowahi kutoa bingwa.

Miaka sita baadaye, tarehe 19 Mei 2000, Depor wanaingia mechi ya mwisho wakiwa na pointi 66, Barcelona 63. Wanahitaji sare. Mpinzani ni Espanyol, na uwanja ni ule ule. Katika kikosi bado wapo Fran, Mauro Silva na Donato, waliokuwepo siku ya Djukić. Kocha ni Javier Irureta. Dakika ya tatu tu inapigwa kona, na anayeruka kuupiga kichwa ni Donato. Donato, ambaye penalti ya mwaka 1994 ilikuwa yake kwa haki, sasa ana miaka 37. Moja. Roy Makaay akaongeza la pili kabla ya mapumziko, likiwa bao lake la 22 la ligi. Yeye Depor walimtoa Tenerife, timu iliyokuwa imeshuka daraja msimu uliotangulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya rais wa klabu, Lendoiro, kuokota lulu mahali ambapo wakubwa hawakuinama.

Sisemi ilikuwa timu isiyo na dosari. Ugenini walikuwa wanayumba vibaya, na kulikuwa na Jumapili wakicheza kama hawajawahi kuonana. Barcelona ya kocha Van Gaal nayo ilijikwaa yenyewe mara kadhaa, hilo nakubali. Lakini kufungwa mara 11 na bado ukawa wa kwanza kwa pointi tano, maana yake ni kwamba wengine nao walikuwa wanafungwa kila wiki, na waliowafunga ni akina Rayo Vallecano, walioongoza ligi mwanzoni mwa msimu, na Racing Santander, iliyotoa mfungaji bora wa ligi, Salva Ballesta, mabao 27. Mfungaji bora kutoka Racing! Mtafutieni msomaji msimu mwingine wa karibuni wenye jambo kama hilo.

Sasa ile sababu niliyosema nitaifikia. Makala yenu imemtaja José Molina kuwa golikipa wa mabingwa wale. Molina msimu huo alikuwa Atlético, akishuka daraja, na alijiunga na Depor ubingwa ulipokwisha kupatikana. Aliyekaa golini Riazor alikuwa Jacques Songo'o, Mkameruni, na mbele yake beki wa kati alikuwa Noureddine Naybet wa Morocco. Songo'o ndiye aliyekuwa golini Kombe la Dunia la 1994 siku Urusi walipoifunga Kamerun 6-1, Oleg Salenko akifunga matano peke yake. Kwa kipa, siku ya namna hiyo inaweza kukumaliza. Yeye alihamia Hispania mwaka 1996, msimu wake wa kwanza akachukua tuzo ya Zamora ya kipa aliyefungwa kwa uwiano mdogo zaidi, na mwaka 2000 akawa bingwa. Gazeti la Kiswahili likimfuta Mwafrika huyo na kumweka mtu ambaye hata hakuwepo, linatuudhi sisi wasomaji kuliko hizo pointi 69.

Naomba mchapishe masahihisho, na mkiweza mweke picha yake. Si lazima iwe kubwa.

Wenu,
Golikipa Mstaafu