Chapisheni mikutano ya kuacha pombe kama mnavyochapisha ratiba ya mpira

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa stima huku Ruiru na nina miezi kumi na saba sijaonja pombe. Jina langu mnalo lakini naomba msilichapishe, si aibu, ni venye sisi wa mikutano tunakubaliana, nikijianika mimi naweza kumwanika na mwenzangu.

Shida yangu ni hii. Mikutano ya AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, iko hapa Kenya na ni bure kabisa, lakini mtu wa kawaida hajui pa kuipata. Mimi niliitafuta karibu miezi minne. Hospitali moja waliniandikia namba nyuma ya kadi, nikapiga mara sita, mteja hapatikani. Nikaenda saiba nikapata orodha kwa intaneti, yote Kiingereza, nikachagua mkutano wa Jumanne jioni Nairobi, nikapanda matatu mbili na mkono ukitetemeka hata nauli siwezi kuhesabu, kufika askari wa geti ananiambia wale watu walihama kitambo. Kutoka pale hadi steji kuna baa tatu. Niliingia ya kwanza.

Sikurudi kutafuta tena kwa wiki saba. Mhariri, mlevi anayetaka kuacha hapati huo moyo kila siku, pengine ni jioni moja tu kwa mwaka mzima, sasa akikuta geti limefungwa jioni hiyo hiyo unafikiri ataenda wapi?

Aliyenisaidia ni nesi wa zahanati. Aliniuliza nakunywa asubuhi? Nikasema ndio, lazima nizimue ndo nishike pulaizi. Akaniambia nisikate ghafla peke yangu nyumbani, kwa sababu mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kupata kifafa au kuanza kuweweseka siku chache za kwanza na hata kufa, akanipeleka kwa daktari, nikapewa dawa nikaangaliwa siku tano. Hili watu wengi hawalijui, mama anamfungia kijana wake chumbani aache pombe akidhani anamsaidia. Halafu nesi akanielekeza chumba kimoja nyuma ya kanisa.

Nilidhani nitahubiriwa. Nikakuta viti vya plastiki, thamosi ya chai na watu kama kumi na mmoja, kati yao mzee mmoja ambaye niliwahi kumfungia stima nyumbani na sikujua kama alikuwa mlevi! Akanimiminia chai kikombe nusu tu. Nikaona kama ananinyima, baadaye ndo nikaelewa, aliona mikono yangu, kikombe kikijaa ningejimwagia mbele ya watu. Hakusema kitu. Kila mtu alitaja jina moja tu akasema mimi ni mlevi, akasimulia yake, wengine wakanyamaza kumsikiliza. Zamu yangu nikashindwa kuongea wakasema ni sawa. Hakuna fomu, hakuna kiingilio, kofia inapitishwa ya kodi na majani chai na mgeni anaambiwa asiweke kitu. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Kweli yalianza Marekani mwaka 1935 kule Akron, Ohio, Bill Wilson aliyekuwa mtu wa biashara ya hisa alikutana na daktari Bob Smith, wote pombe imewashinda, wakagundua mlevi akiongea na mlevi mwenzake kiu inapungua. Lakini kwani chang'aa ikinimaliza inauliza kabila? Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona kwa upande wa kuacha kabisa njia hii inafanya vizuri sawa na tiba zingine au hata kuzishinda.

Februari 2024 watu walikufa kule Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, baada ya hapo ikawa misako, baa zinafungwa, mitungi inamwagwa. Sipingi. Lakini yule aliyekuwa akinywa pale kwa mama pima bado anatetemeka kesho asubuhi, na hakuna aliyemwambia chumba cha viti vya plastiki kiko wapi.

Ombi langu, tupeni kisanduku kidogo kila Alhamisi, pale karibu na ratiba ya ligi ya Uingereza ambayo wanaume wote wanasoma. Mtaa, siku, saa, steji ya kushukia, wanaongea Kiswahili au Kiingereza, na kama mkutano ni wazi kwa yeyote au ni wa walevi peke yao. Wekeni na vikundi vya Al-Anon, hivyo ni vya mke, mume na watoto wa mlevi, mke wangu angevijua mapema asingelia peke yake miaka tisa. Wekeni namba 1192 ya NACADA pia, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure.

La muhimu zaidi, kila mwezi mtu apige simu kwa kila kikundi athibitishe bado kiko. Hiyo kazi niko tayari kuifanya mimi bila malipo, nitawaletea orodha kila Jumatatu kabla ya saa sita.

Fundi wa stima,
Ruiru