Barua kwa mwanangu kuhusu ugonjwa wa shangazi yako

Bukavu, Ibanda

Mwanangu Neema,

Nyumbani sisi sote ni wazima, isipokuwa shangazi yako, ambaye sukari yake ilipanda tena wiki iliyopita. Nikakumbuka swali uliloniuliza kwa simu kutoka Lubumbashi: mafuta ya tumboni, yasiyouma wala kuwasha, yanawezaje kuizuia insulini, homoni inayoiingiza sukari ndani ya seli, isifanye kazi? Nilikujibu kwa haraka, na nimejuta, kwa sababu baba aliyefundisha biolojia maisha yake yote hana budi kumjibu vizuri mtoto anayesomea udaktari.

Jibu linaanzia kwa inzi wa matunda. Mwaka 1996, Jules Hoffmann na wenzake huko Strasbourg walionyesha kwamba inzi ambaye kipokezi chake kiitwacho Toll (kipokezi ni protini ya seli inayopokea ishara) kina hitilafu huuawa na kuvu. Mwaka 1998, Bruce Beutler wa Marekani akaonyesha kwamba panya wana kipokezi cha ukoo huohuo, TLR4, kinachotambua sumu ya ukuta wa bakteria fulani, na wote wawili wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kipokezi hicho kiliumbwa kwa ajili ya vijidudu. Hata hivyo, mwaka 2006 kundi la Jeffrey Flier lilionyesha kwamba panya wasio na TLR4, walipotiwa mafuta katika damu, insulini yao iliendelea kufanya kazi vizuri kuliko ya panya wa kawaida. Usiandike katika mtihani kwamba mafuta hukishika kipokezi hicho kama bakteria wanavyokishika. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba asidi ya palmitiki haikiamshi moja kwa moja, bali TLR4 huitayarisha seli ya kinga kwanza, ndipo mafuta hayo yanapoichochea iwashe moto wa kinga, yaani uvimbe wa ndani kwa ndani. (Asidi hiyo ilipewa jina la mchikichi, lakini usiyachukie mawese yetu kwa sababu hiyo, maana ini letu lenyewe huitengeneza kutokana na wanga na sukari inayozidi.)

Sasa fikiri juu ya seli ya mafuta inayojazwa mwaka baada ya mwaka: inatanuka, hewa ya oksijeni inaipungukia, na hatimaye nyingine hufa. Makrofaji, askari wa kinga wanaomeza uchafu, huja na kuizunguka maiti hiyo kama taji, na katika panya wanene sana wanaweza kukaribia nusu ya seli zote za tishu ile. Wanatoa TNF, kemikali ambayo Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman waliikuta kwa wingi katika mafuta ya panya wanene mwaka 1993. TNF huamsha vimeng'enya vinavyobandika fosfeti mahali pasipofaa kwenye IRS-1, mjumbe wa insulini ndani ya seli. Hivyo insulini inabisha hodi na hodi yake inasikika, lakini mjumbe wa ndani amefungwa mikono, na sukari inabaki katika damu. Kongosho huongeza insulini hadi linapochoka.

Ungedhani basi kwamba kuizuia TNF kungewaponya wagonjwa. Njia hiyo ilijaribiwa kwa watu wenye kisukari, na sukari yao haikushuka kama ilivyotarajiwa. Njia za moto huo wa kinga ni nyingi, na TNF ni moja tu.

Nakuandikia haya yote kwa sababu muuguzi mmoja alimwambia shangazi yako, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba ugonjwa wake umeletwa na ulafi. Alirudi nyumbani akalia, na mwezi mzima hakwenda kupimwa. Iliniuma sana, mama, kwa kuwa mtu huyo alifunzwa mambo haya yote na bado akachagua kumwaibisha mgonjwa.

Sasa shangazi yako ameanza kutembea jioni kutoka Nyawera kuelekea Nguba, nami humsindikiza. Ukija likizo, mletee vijiti vya kupimia sukari, halafu ukae naye umweleze habari za makrofaji. Kwako atasikiliza kuliko kwangu.

Baba yako